Mfamasia afundishwe kuchambua tafiti, au ajue dawa tu?

Mchanga wa Pwani (mleta mada): Wakuu, mdogo wangu yuko mwaka wa 3 famasia. Muhula mzima wanachambua tafiti za dawa: wagonjwa waligawanywaje makundi, nani aliacha dawa njiani, nani alitoa hela. Huko kaunta atachambua nini? Si atauza panadol tu?

Chokaa: Hilo la panadol ungelimeza. Miaka 4 chuo, mmoja wa mafunzo kazini, halafu naitwa muuza duka.

Mchanga wa Pwani: Sijasema muuza duka.

Chokaa: Umesema panadol.

Kipimajoto: Nimjibu mleta mada. Mwaka 2010 ulitoka utafiti wa malaria kali, dawa ya kwinini dhidi ya dawa ya atesuneti, watoto zaidi ya 5,400, nchi 9 za Afrika, hata Muheza walikuwemo. Mtu wa kampuni ya dawa akija na kalamu zake za bure atakwambia vifo vilipungua asilimia 22 kwa atesuneti. Kweli. Lakini vilishuka kutoka 10.9 kwa kila watoto 100 hadi 8.5. Yaani utibu kama 41 kwa atesuneti, umwokoe mmoja zaidi. Kwa malaria kali hiyo ni nyingi sana. Ila asiyefundishwa atababaishwa na asilimia hata kwenye dawa ya mafua.

Bi Tausi: Watoto 41 wote wanywe apone mmoja? Bora kwinini yetu.

Kipimajoto: Shikamoo Bi Tausi. Hii ni sindano, hainywewi. Na wengi wanapona kwa zote mbili. Huyo mmoja ndiye kwinini ingemkosa.

Bi Tausi: Marahaba. Mimi kwinini ilinipigia filimbi masikioni wiki nzima.

Mzee wa Foleni: Mnajidai na tafiti, mbona 2011 wasomi walijaa Samunge, Loliondo, kwa Babu, kunywa dawa yake ya mitishamba, kikombe shilingi 500?

Chokaa: Wewe hukunywa?

Mzee wa Foleni: Nililala garini siku 3, nikanywa. Sukari ikashuka, nina karatasi ya kipimo.

Kipimajoto: Siku 3 hizo ulikuwa unakula nini?

Mzee wa Foleni: Ungekula nini porini kule? Maji tu na karanga.

Kipimajoto: Ahaa.

Mzee wa Foleni: Ahaa nini? Kijana, una adabu wewe?

Bi Tausi: Mwacheni mzee wa watu. Na mimi nilikunywa.

Mchanga wa Pwani: Jamani, mada haikuwa Babu.

Chokaa: Ilikuwa panadol.