Gemu za Cars kwenye PS3: niwachukulie watoto Cars 2 au Cars 3?

BabaWawili: Habari za jioni wakuu. Nimepata PS3 (PlayStation 3) ya mtumba na padi mbili. Wanangu wawili, mkubwa miaka 9 na mdogo 6, filamu za Cars, zile za gari la mbio Lightning McQueen, wamezikariri mpaka wanamjibia maneno kabla hajasema. Naona kuna Cars 2 ya mwaka 2011 na Cars 3: Driven to Win ya 2017. Hela ni ya CD moja tu. Nichukue ipi? Na ile ya kwanza kabisa vipi?

Padi_Mbovu: Ya kwanza, ya 2006, sahau mkuu. Ilitoka PS2, kompyuta na kwingineko, lakini PS3 haikufika. Kwenye PS3 zipo Mater-National (2007), Race-O-Rama (2009) na hizo mbili zako.

MamaTatu: Na hiyo asiyoweza kuipata ndiyo tamu kuliko zote, tusidanganyane. Unazurura Radiator Springs, mji wa kwenye filamu, utakavyo, hakuna anayekuharakisha. Usiku unaingia shambani na Mater, lile gari la kuvuta magari, kuyaangusha matrekta yaliyolala, huku Frank, mashine ya kuvunia, akikuwinda. Wanangu walikuwa wanapiga kelele mpaka jirani anauliza kuna nini. Sauti ya Doc, gari mzee wa mji, ni mwigizaji Paul Newman mwenyewe, yule yule wa kwenye filamu. Hizi mbili mpya ni shindano, menyu, shindano, menyu.

Kona_Kali: Mama, umesema kweli, ila usimkatishe tamaa mwenzio. Cars 2 na Cars 3 zote ni kazi ya Avalanche Software, kwa hiyo mkono ukizoea moja umezoea na nyingine. Unaserereka kwenye kona, unatembelea tairi mbili za upande, unageuza gari liende kinyumenyume, unaruka na kupinduka hewani. Kila mbwembwe inakujazia turbo, yaani kasi ya ziada. Mtoto anayegonga ukuta ovyo bado ana njia ya kuwafikia wenzake, na hapo ndipo ninapozipenda. Gemu nyingi za magari zinamwadhibu anayejifunza.

Tofauti kubwa kwako ni moja: Cars 2 inachezwa na watu wanne kwenye runinga moja, Cars 3 wawili tu.

BabaWawili: Wawili si ndio idadi yangu?

MamaTatu: Wewe je? Utakaa pembeni ukiangalia? Subiri wiki moja.

Padi_Mbovu: Mimi nampa Cars 3. Picha zimenyooka zaidi, Jackson Storm yupo, Cruz Ramirez yupo, magari ya filamu ya tatu, na watoto wa leo wanawajua hao kuliko majasusi wa CHROME wa Cars 2. Halafu Cars 2 imejaa makombora. Mtoto wa miaka 6?

Kona_Kali: Kaka, Cars 3 nayo ina mashindano ya silaha, usimpake mwenzio rangi mbaya. Kote kote gari linapigwa, linayumba, linarudi barabarani. Hakuna damu wala anayekufa. Asiyetaka silaha achague mbio za kawaida, zipo kwenye zote mbili.

Kwa mcheza peke yake ningesema Cars 3 bila kufikiri mara mbili, ina changamoto nyingi ndogo ndogo za kukamilisha. Kwa sebule yenye ndugu, Cars 2.

Mzee_wa_Diski: Naongezea jambo la pesa. CD za gemu za PS3 kwa kawaida hazifungwi kwa eneo kama DVD za filamu, kwa hiyo iliyotoka Ulaya au Marekani usiiogope. Geuza tu upande wa chini uitazame kwenye mwanga. Mimi niliuziwa moja imejaa mikwaruzo ya duara, ikawa inafika shindano la tatu inaganda. Muuzaji akaniambia nipunguze spidi. Spidi ya McQueen!

MamaTatu: 😂😂 Mjomba pole.

BabaWawili: Wakuu, nimerudi. Nimechukua Cars 2, diski safi. Mdogo amegundua kurudi kinyumenyume na sasa anamaliza shindano zima hivyo, anaamini ndiyo sheria ya mchezo. Kaka yake analia kwamba anashindwa na mtu asiyeangalia mbele. Mwenye padi ya tatu anauza?