Waliopanda vibuyu huku Kusini (Lindi na Mtwara) tupeane uzoefu: ulianza lini kuotesha, na nini kilikuulia miche?

Mtama Stendi
Wakuu jana nimemuona bibi anauza kata za kibuyu nikakumbuka yangu ya mwaka juzi. Mvua ya kwanza ilipiga katikati ya Novemba nikajifanya mjanja, nikafukia mbegu mashimo 40, zikaota vizuri kabisa, halafu jua likakaa wiki tatu bila hata kawingu. Mche mmoja mmoja unanyauka naangalia tu. Nyie mnaanzaga lini?

Korosho Bado
Hiyo sio mvua ya kupandia, hiyo ni ya kuwatoa kumbikumbi. Subiri Desemba.

Mmwera Asilia
Subiri Desemba halafu Februari jua la katikati ya msimu likukute maua ndo yanatoka, utakuja kulia hapa. Mie naotesha kwenye viriba, vile vifuko vya miche, chini ya mwembe wiki tatu kabla, mbegu nailoweka usiku mzima maana ganda lake gumu, mche ukishatoa majani mawili matatu na mvua imekolea nahamisha na udongo wake, mzizi haupendi kuguswaguswa.

Korosho Bado
Viriba kwa vibuyu 😂 bibi yangu Newala alikuwa anatupa mbegu jalalani tu vinapanda mpaka juu ya paa. Na huku juu maji ndoo tunanunua, ya kumwagilia unatoa wapi?

Mmwera Asilia
Ndo maana nikasema viriba kaka, vimekaa pamoja, ndoo moja inatosha vyote. Soma kwanza.

Nipo Njombe Kwa Sasa
Nyie mnalia na jua, ngoja niwape yangu. Mi wa Tandahimba, kazi ikanileta huku, nikaja na mbegu za kibuyu za mama nimezifunga kwenye kipande cha kanga. Mwezi wa tano nikapanda bondeni nyuma ya nyumba, udongo mweusi, nikasema hapa kibuyu kitakuwa kama pipa. Si unajua kwetu mwezi wa sita watu wanapuliza salfa kwenye mikorosho, baridi yenyewe ya kuvaa shati la mikono mirefu basi. Sasa jioni moja hakuna wingu hakuna upepo nyota zote nje, mama mwenye nyumba akaniambia mwanangu funika vitu vyako, nikasema haya mama, nikaingia kulala. Asubuhi natoka naona majani meupe kama kuna mtu kamwaga chumvi, nikaona pazuri nikapiga na picha!! Jua lilipopanda saa tatu hivi miche yote ikalegea, ikawa myeusi kama mchicha uliomwagiwa maji ya moto. Yote 22. Na jirani wa juu kidogo tu kwenye mteremko viazi vyake havikuguswa, kumbe ile baridi inashuka inatuama bondeni kama maji. Mbegu zilikuwa ndo hizo hizo na mama alishatangulia.

Mtama Stendi
Daah. Pole sana.

Kilwa Kivinje
Nisamehe nimecheka hapo kwenye picha. Pole dada.

Nipo Njombe Kwa Sasa
Kaka bwana, sio dada.

Niliishi Makete
Huko funika na nyasi kavu jioni, asubuhi jua likitoka funua. Nailoni usilaze juu ya jani, linapogusa ndo panaungua. Ila dawa kubwa usipande miezi hiyo, sakitu, hiyo barafu ya asubuhi, ni Juni mpaka Agosti, subiri joto lirudi.

Korosho Bado
Uzi wa Kusini huu, barafu ya Njombe inatuhusu nini?

Niliishi Makete
Njombe nayo kusini.

Korosho Bado
Nyanda za juu hizo mkuu, usituchanganye.

Mmwera Asilia
Wewe wa Njombe, mbegu ya Tandahimba ninayo, ya shingo ndefu ile ya kukatia kata. Njoo inbox nikupe kwa basi.

Nipo Njombe Kwa Sasa
Ya mama ilikuwa ya tumbo kubwa ya kuwekea uraka, ile pombe ya mabibo. Ila nitumie tu kaka, naja inbox.

Kilwa Kivinje
Na kuku je? Mbona hamna anayeongelea kuku? Mie sijawahi kuuliwa mche na jua wala barafu, ni kuku wa jirani tu kila mwaka.