Mama magoti yanamsumbua: Hifadhi ya Arusha ataifaidi akiwa ndani ya gari?

Binti wa Kibosho
Wakuu, habari za Jumapili. Wakubwa shikamooni. Mama yangu ana miaka 71, magoti hayamruhusu kutembea, ila hamu ya kuona wanyama anayo tele. Tuko Moshi. Serengeti ni mbali mno kwa mgongo wake, nikafikiria Hifadhi ya Taifa Arusha, twende asubuhi turudi jioni. Lakini kuna wanaoniambia pale hakuna kitu, hata simba hakuna. Halafu gari langu ni Noah, si foo wili. Nimpeleke au nitamchosha bure?

Maji ya Chai
Mpeleke dada. Mbega, wale kima weusi kwa weupe, peke yao wanatosha. Ila andaa kadi, getini hawapokei pesa taslimu.

Dereva Usa
Dada, wanaosema hakuna kitu walipita mbio wakitafuta simba. Kweli simba hawapo. Mimi ndizo njia zangu za kazi, na wazee ndio abiria ninaopenda kuwapeleka pale, maana uzuri wake mwingi unauona ukiwa umekaa.

La kwanza ni saa. Ondokeni Moshi kungali giza, mkate kona Usa River, muwe geti la Ngongongare saa kumi na mbili. Wakati huo Meru mara nyingi iko wazi mpaka kileleni, mita 4,566. Jua likipanda, mawingu yanaufunika. Mwonyeshe mama upande wa mashariki: mlima umekaa kama bakuli lililomeguka ubavu. Maelfu ya miaka iliyopita ubavu ule uliporomoka, tope na mawe yakamwagika hadi chini, na maji yakaja kutuama kwenye mabonde yaliyobaki. Ndiyo maziwa ya Momella hayo. Msimulie kabla hamjafika ziwani.

Ukishaingia tu kuna uwanda wanaouita Serengeti Ndogo: twiga, pundamilia, nyati, ngiri. Zima injini, msikilize nyati anavyong'oa majani.

Kutoka hapo shika njia ya Ngurdoto, kwenye kreta, yaani shimo kubwa la volkano ya zamani, upite msituni taratibu sana. Mbega usimtafute kwa uso. Tafuta mkia: mweupe, mrefu, wenye manyoya mengi mwishoni, unaning'inia chini ya tawi wakati mwenyewe kajificha kwenye majani. Mama akishauona mmoja, ataanza kukuonyesha wewe. Kreta yenyewe ina upana wa kilomita 3 hivi, na kushuka ndani hairuhusiwi kwa mtu yeyote, kwa hiyo hapo mama hapitwi na kitu. Beba darubini. Bila darubini, nyati wa kule chini ni vidoti vyeusi tu.

Momella zungukeni bila haraka. Maji yana magadi, na rangi hutofautiana ziwa na ziwa kwa sababu ya mwani. Flamingo huja na kuondoka, usimwahidi. Kuro, aina ya swala wakubwa, utawaona pembeni ya maji, na kukiwa kweupe Kilimanjaro inaonekana ng'ambo.

Kuhusu Noah: kiangazi, Ngurdoto na Momella unafika ukiendesha kwa adabu. Ila usipande kule mlimani kwenye mkuyu wenye tao wala sehemu ya kutazamia ya Kitoto, huko panataka foo wili. Machi hadi Mei, mvua zikikolea, usijaribu kabisa.

Binti wa Kibosho
Asante sana kaka, Mungu akubariki. Kushuka kujinyoosha anaruhusiwa? Na choo?

Dereva Usa
Kushuka ni kwenye mageti na sehemu za kulia chakula tu, na vyoo ni huko huko. Mkipita getini aende hata kama hajabanwa, mbele ni mbali. Kwingine mbaki garini, nyati wa msituni humwoni mpaka umemfikia. Mkisimama karibu na nyani fungeni vioo, ndizi ziwe chini ya kiti. Na mama akae mbele, watoto kama wapo nyuma.