Tupeane uzoefu: arifa za tovuti ziligoma kuingia kwenye kompyuta yako, ulizifunguaje?

Wakuu habari za asubuhi. Niko Kigoma mjini, Mwanga, nafanya biashara ya dagaa na migebuka mikavu, mzigo nachukua Kibirizi na wateja wengi wako mbali kwahiyo oda zote zinapitia WhatsApp ya kwenye laptopu. Mwezi uliopita mteja wangu wa siku nyingi kanitumia oda saa tatu asubuhi, gunia nane, na mimi nipo hapohapo mbele ya mashine napiga hesabu za nauli kwenye Excel, sijasikia kitu. Nakuja kufungua ile tabo saa nane mchana nakuta meseji tano, ya mwisho inasema "basi ndugu yangu, nimeshapata kwingine". Iliniuma sana, maana sikuwa safarini wala sikuwa nimelala, nilikuwa nimekaa na hiyo laptopu tangu asubuhi.

Nikaanza kutafuta. Kwenye Chrome, kushoto kwa anwani ya tovuti, kuna kialama, zamani kilikuwa kufuli siku hizi ni vistari viwili vyenye viduara. Nikakibofya, nakuta Arifa zimezuiwa. Nikakumbuka siku ya kwanza kile kisanduku cha kuuliza uruhusu au uzuie kilitokea nina mteja dukani, nikabofya Zuia ili kiniondokee. Na ukishazuia mara moja tovuti haiwezi kukuuliza tena, itakaa kimya hata mwaka mpaka uende mwenyewe ukabadilishe. Nikaweka Ruhusu, nikaipakia upya ile tabo, nikamwambia mdogo wangu anitumie meseji. Kimya.

Hapo ndo nikaelewa kwamba arifa inapita milango mitatu mpaka ikufikie, wa ruhusa ya tovuti (kile kialama), wa brauza yaani Chrome yenyewe, na wa Windows, na mmoja ukifungwa hiyo mingine haikusaidii kitu. Mlango wa brauza unaingia Mipangilio, Faragha na usalama, Mipangilio ya tovuti, halafu Arifa (Chrome yangu iko kwa Kiswahili, kama yako ni ya Kiingereza mpangilio ni uleule). Kwangu huko palikuwa sawa. Kumbe shida ya pili ilikuwa Windows: setingi za sistimu, sehemu ya arifa, ukishuka chini kuna orodha ya programu, na swichi ya Google Chrome imezimwa. Kijana wangu wa dukani aliizima siku tunaangalia mpira. Nikaiwasha, nikamwambia mdogo wangu tuma tena, ikashuka pale chini kulia na mlio juu. Nilikaa naiangalia tu.

Mwenye yake ashushe hapa, najua siko peke yangu.

#2, Tabora, Cheyo
Mwangaluka wakuu. Mimi ni mwalimu. Yangu ilikuwa ya ajabu, arifa za imeili zinaingia vizuri nikiwa nyumbani, nikiwa shule hamna. Nikalaumu intaneti ya shule muhula mzima. Siku moja nipo darasani naonyesha slaidi, nikamaliza, nikachomoa waya wa projekta, nikafungua ile paneli ya arifa (bonyeza kitufe cha Windows pamoja na N, kama una Windows 11), nakuta imeili zote za asubuhi zimejipanga mle ndani. Zilikuwa zinaingia ila zinafichwa. Kumbe Windows ina ile hali ya Usinisumbue na ina masharti yake ya kujiwasha yenyewe: ukiwa unaonyesha skrini yako kwenye projekta, ukicheza gemu, ukifungua programu ikajaa skrini nzima. Ikiwaka, ile kengele ya pembeni ya saa inakuwa na kialama cha z, kama mtu amelala. Wenye Windows 10 kuna alama ya mwezi.

Ile ya projekta nimeiacha, sitaki imeili zangu wanafunzi wazisome ukutani. Niliyoizima ni ile ya skrini nzima, maana nikisoma PDF huwa naifungua ijae skrini na hapo ndo nilikuwa nazikosa hata nikiwa ofisini.

#3, Kigoma, Gungu
Mimi fupi. Nilikuwa naingia kwa dirisha la faragha, lile jeusi, kwasababu laptopu tunatumia wengi. Huko Chrome haipokei arifa kabisa, ubofye usibofye. Nikafungua profaili yangu ya kawaida na neno la siri, basi.

#4, Tabora, Isevya
Nina steshenari, vijana wanakuja kuomba vyuo na mikopo, kwahiyo naacha imeili wazi siku nzima kusubiri majibu yao. Kompyuta ya mezani ya kizamani kidogo. Umeme ukikatika ukarudi, tovuti nusu hazifunguki, zinasema muunganisho si salama, na arifa ndo usiseme. Nikafuta Chrome nikaweka upya mara mbili, nikapoteza na pasiwedi zilizokuwa zimehifadhiwa, bure. Fundi kaja, hata kiti hajavuta, akaangalia pale chini kulia akaniuliza "mama, leo mwaka gani?" Kompyuta ilikuwa inasoma miaka ya nyuma huko. Ile betri bapa kama shilingi iliyo kwenye bodi, CR2032, ilikuwa imekufa, umeme ukikata tu saa inasahau. Na tovuti salama zina vyeti vyenye tarehe, sasa mashine yenye tarehe ya uongo inaona vyeti vyote vibovu, inagoma kuwasiliana nazo, na arifa za brauza zinataka tovuti iwe salama. Tukabadilisha betri, tarehe ikakaa, na arifa zikarudi bila kugusa setingi yoyote. Kwahiyo kabla hujafuta kitu angalia saa kwanza, nawaombeni, mimi zile pasiwedi zilinigharimu wiki nzima.

#5, Kasulu
Mimi nilizizuia mwenyewe kwa makusudi. Kuna tovuti ya kuangalia muvi iliniambia bofya Ruhusu kuthibitisha wewe si roboti, nikabofya. Kuanzia hapo kila dakika mbili pembeni inashuka "kompyuta yako ina virusi vitano", na picha za hovyo, watoto wanaona. Kwa hasira nikaingia kwenye setingi nikafunga tovuti zote zisitume arifa. Amani ikarudi, ila na kalenda yangu ya kazi ikanyamaza, nikakosa kikao cha kikundi chetu cha kuweka na kukopa na mimi ndo mweka hazina. Nilijisikia vibaya mno mbele ya wale kina mama.

Dada mmoja jirani ndo akanionyesha. Hakuna haja ya kufunga geti zima, ingia kwenye ile orodha ya Arifa, utaona tovuti zilizoruhusiwa zimepangwa kwa majina, usiyoifahamu bofya vile vidoti vitatu, chagua Zuia, moja moja. Kwangu zilikuwa kumi na moja na mbili tu ndo nilikuwa nazijua. Na vile vitangazo vya virusi vilikuwa ni arifa tu za tovuti, msije mkapiga zile namba wanazoweka.

#6, Tabora, Ipuli
Wa Firefox tupo? Kwetu tangu 2020 tovuti haikurukii na kisanduku bila wewe kubofya kitu, inaweka kialama kidogo cha mazungumzo pembeni ya anwani. Mimi nilikuwa nasubiri iniulize na haiulizi. Bofya kile kialama ndo swali linatokea.

#7, Uvinza
Mkuu mleta mada, nimefuata milango yako yote mitatu, tarehe iko sawa, Usinisumbue imezimwa, Gmail bado kimya. Nifanyeje?

Mleta mada
@7 ndugu yangu, Gmail ina mlango wake wa nne, uko ndani ya Gmail yenyewe. Ingia mipangilio ya Gmail, ukurasa wa kwanza ule, shuka taratibu mpaka uone arifa za kompyuta ya mezani, kuna vichaguo vitatu: barua mpya zote, barua muhimu tu, au zimezimwa. Angalia chako kiko wapi. Ukibadilisha shuka mpaka chini kabisa uhifadhi, usipohifadhi inarudi ilipokuwa. Halafu unapofanya kazi zako huwa tabo ya Gmail unaiacha wazi au unaifunga?

#7, Uvinza
Nilikuwa naifunga. Bando.

Mleta mada
Basi iache wazi, ukiifunga haina pa kutolea arifa. Hata WhatsApp ya kwenye brauza mimi naiacha wazi kutwa nzima na bando linavumilika, kinachokula ni video na picha zinazojipakua zenyewe.

#7, Uvinza
Ilikuwa kwenye zimezimwa. Nimeweka barua mpya zote, nimehifadhi kule chini. Nijitumie imeili kutoka kwenye simu?

Mleta mada
Tumia akaunti nyingine, au nitumie anwani yako inboksi nikutumie mimi.

#7, Uvinza
Imeingia mkuu. Imeandika jina lako kabisa.