Kivinjari kinaendelea kuonyesha majina na anwani za fomu baada ya kufuta historia

Swali (Mtunza_Dawati)

Salaam. Ninaomba msaada kuhusu kivinjari kinachoendelea kuonyesha yaliyowahi kuandikwa kwenye fomu, ingawa nimekwisha kufuta historia. Kompyuta inatumia Windows na hutumiwa na watu kadhaa kwa zamu, kwa hiyo sipendi anayeketi baada ya mwenzake akutane na majina, nambari za simu na anwani za barua pepe zisizomhusu. Nilifungua sehemu ya kufuta historia, nikaweka tiki kwenye historia ya kuvinjari, vidakuzi na kache, nikathibitisha, kisha nikakifunga kivinjari na kukifungua tena. Orodha ya kurasa zilizotembelewa imetoweka na tovuti zote zinataka tuingie upya, jambo linaloonyesha kwamba kuna kilichofutwa kweli. Lakini nikibofya kisanduku cha jina na kuandika herufi M, orodha inashuka ikiwa na majina yale yale. Kinachoudhi zaidi ni kisanduku cha barua pepe. Humo kuna anwani iliyokosewa, isiyo na nukta kabla ya “com”, nayo ndiyo inayotangulia ile sahihi, hivyo mtu mwenye haraka huichagua na kutuma fomu yenye anwani isiyofika popote.

Nimeshauriwa nikiondoe kivinjari na kukisakinisha upya. Kabla ya kufanya hivyo ningependa kujua data hizi hukaa wapi hasa, na kama zinaweza kuondolewa bila kupoteza alamisho na nywila.

Jibu (Fundi_wa_Zamu)

Ndugu, usisakinishe upya kwa sasa. Programu inapoondolewa, mara nyingi folda ya wasifu wa mtumiaji hubaki mahali pake, na data za fomu zimo ndani ya folda hiyo; ukikirudisha kivinjari, kitaisoma folda ile ile na orodha itashuka kama kawaida.

Vitu vitatu ulivyovitia tiki havihusiani na fomu. Historia ya kuvinjari ni kurasa ulizotembelea, vidakuzi ni kumbukumbu ambazo tovuti huziacha kwenye kompyuta yako, na kache ni nakala za picha na kurasa zinazowekwa ili zifunguke upesi. Maneno yaliyoandikwa kwenye visanduku huhifadhiwa peke yake na yana tiki yake. Jina la chaguo hilo hutofautiana kulingana na kivinjari na toleo lake, lakini litataja fomu au kujaza kiotomatiki, na katika vivinjari vya jamii ya Chrome mara nyingi liko chini zaidi, kwenye sehemu ya chaguo za ziada ambayo wengi hawaifungui. Bonyeza Ctrl, Shift na Delete kwa pamoja ufike hapo moja kwa moja.

Kisha angalia kipindi. Dirisha hilo kwa kawaida halianzi na muda wote, bali na kipindi kifupi kama saa moja iliyopita. Katika Firefox kuna jambo la ziada ambalo huwachanganya watu: inapofuta data za fomu kwa kipindi fulani, huangalia wakati neno lilipoandikwa kwa mara ya kwanza, si lilipotumiwa mara ya mwisho. Kwa hiyo anwani iliyoandikwa mwaka jana, hata kama imetumiwa dakika tano zilizopita, haitaguswa ukichagua saa moja. Chagua muda wote, acha tiki moja tu ya data za fomu, ndipo uthibitishe. Alamisho na nywila hazitaguswa.

Jibu (Msoma_Kumbukumbu)

Ninakubaliana na aliyetangulia, ila ningeongeza kwamba si kila kinachojitokeza chini ya kisanduku kimetoka ghala moja, na ndiyo maana watu hufuta na kufuta bila kuona mabadiliko. Kwanza jua pendekezo limetoka wapi.

Jaribio jepesi ni hili. Bofya kisanduku, andika herufi ya kwanza, kisha tumia kitufe cha mshale wa chini mpaka pendekezo unalotaka kuliondoa libadilike rangi. Usibonyeze Enter. Shikilia Shift, bonyeza Delete. Likitoweka na lisirudi unapofungua orodha upya, lilikuwa kwenye historia ya fomu ya kivinjari, na umekwisha kuliondoa bila kugusa mengine. Hii ndiyo njia ninayoipendelea kwa ile anwani isiyo na nukta, kwa sababu hakuna haja ya kufagia nyumba nzima kwa ajili ya unywele mmoja.

Likikataa kuondoka, fuata ghala linalofuata. Pendekezo linaloonyesha jina pamoja na mtaa au nambari ya simu kwa mkupuo kwa kawaida ni anwani kamili iliyohifadhiwa, nayo husimamiwa kwenye mipangilio, sehemu ya anwani, mbali na historia ya fomu. Firefox huziweka mbili hizi katika faili tofauti kabisa: historia ya fomu imo katika formhistory.sqlite, ilhali anwani zimo katika autofill-profiles.json. Jina la mtumiaji linalojitokeza kwenye ukurasa wa kuingia aghalabu limetoka kwenye nywila zilizohifadhiwa, na litaondoka tu ukifuta nywila husika. Zaidi ya hayo, kiendelezi (programu ndogo inayoongezwa kwenye kivinjari) cha kutunza nywila kina orodha yake chenyewe, ambayo amri za kivinjari haziifikii. Zima viendelezi vyote kwa muda, uone kama orodha itabadilika.

Tahadhari kuhusu dirisha la faragha. Wengi hulitumia kama kipimo, wakidhani kwamba lisipoonyesha kitu basi data zimefutika, au likionyesha basi kuna hitilafu. Dirisha hilo limekusudiwa kutohifadhi mambo mapya; halikuzuii kutumia yaliyohifadhiwa zamani. Kipimo cha kweli ni wasifu mpya mtupu. Katika Firefox utaundia kwenye about:profiles, na katika Chrome utaundia kwenye menyu ya wasifu iliyo juu upande wa kulia.

Muulizaji (Mtunza_Dawati)

Ninawashukuru nyote wawili. Tiki ya data za fomu ilikuwa imefichika chini kama ilivyoelezwa, na kipindi kilikuwa saa moja. Anwani isiyo na nukta nimeiondoa kwa Shift na Delete na haijarudi. Baada ya kufuta kwa muda wote, majina karibu yote yametoweka.

Yamebaki mambo mawili. Kuna majina machache yaliyotoweka kisha yakarudi baadaye siku hiyo hiyo, bila mtu yeyote kuyaandika. Pia katika tovuti moja ya usajili kuna orodha ya majina inayoshuka nikiandika, na hiyo haijali Shift na Delete hata kidogo.

Jibu (Fundi_wa_Zamu)

Yanayorudi yenyewe ni dalili ya usawazishaji. Ikiwa mtu aliingia na akaunti yake kwenye kivinjari hicho, nakala ya data huenda ipo kwenye akaunti na kwenye vifaa vingine anavyovitumia, na kila vinapowasiliana, kilichokosekana upande mmoja huweza kujazwa kutoka upande wa pili. Katika Firefox, historia ya fomu husafiri pamoja na historia ya kuvinjari, kwa hiyo aliyechagua kusawazisha historia amechagua na hili pia, hata kama hakuliona likitajwa.

Mpangilio wa kazi ndio muhimu hapa. Simamisha usawazishaji katika vifaa vyote vinavyotumia akaunti hiyo, futa data za fomu kwa muda wote katika kila kimoja, na ufute pia zilizomo kwenye akaunti yenyewe pale mipangilio yake inaporuhusu. Baada ya hapo tu ndipo uwashe tena. Ukianza kwa kutoka kwenye akaunti na kufuta kwenye kompyuta moja, utakuwa umeondoa nakala ya hapo peke yake.

Ikiwa akaunti haihusiki, angalia faili lenyewe. Katika Firefox andika about:support kwenye upau wa anwani, fungua folda ya wasifu kutoka hapo, kifunge kivinjari kabisa, kisha ulibadilishe jina faili la formhistory.sqlite, kwa mfano uongeze neno “zamani” mwishoni. Kivinjari kitaunda jipya tupu kitakapofunguliwa. Hili husaidia hasa pale faili linapokuwa limeharibika au limewekewa kizuizi cha kuandikwa, hali ambayo amri ya kufuta inaweza kuonekana imekubaliwa na kumbe hakuna kilichobadilika. Vivinjari vya jamii ya Chrome huweka data hizi katika faili liitwalo Web Data, na njia ya kulifikia utaiona ukiandika chrome://version. Sipendekezi kulifanyia vivyo hivyo bila kuwa na nakala, kwa sababu ndani yake mna pia anwani zilizohifadhiwa na mipangilio ya injini za utafutaji.

Kwa kuwa kompyuta ni ya watu wengi, ningeenda mbali zaidi ya kufuta. Zima kabisa kumbukumbu ya fomu kwenye mipangilio ya faragha; katika Firefox ni chaguo la kukumbuka utafutaji na fomu, na lisipozimwa, kila neno hukaa humo hadi liwe halijatumiwa kwa siku 180. Bora kuliko hilo, mpe kila mtu akaunti yake ya Windows. Kila akaunti ina folda yake ya wasifu, na hakuna atakayehitaji kukumbuka kufuta chochote mwisho wa zamu.

Jibu (Msoma_Kumbukumbu)

Kuhusu ile tovuti ya usajili, ninadhani orodha hiyo si ya kivinjari. Tovuti nyingi zina kisanduku chao cha mapendekezo, ambapo kila herufi unayoandika hutumwa kwenye seva na majibu hurudishwa yakachorwa ndani ya ukurasa wenyewe. Kivinjari hakina mamlaka juu yake, na ndiyo maana Shift na Delete haikufanya kitu.

Unaweza kuthibitisha kwa kukata mtandao ukurasa ukiwa umekwisha kufunguka, kisha uandike herufi tofauti na zile ulizozijaribu. Orodha isiposhuka, majina hayo yanatoka kwenye seva, na wa kuombwa ayaondoe ni msimamizi wa tovuti hiyo. Ikishuka hata bila mtandao, yamehifadhiwa na tovuti ndani ya kompyuta yako. Fungua mipangilio ya data za tovuti, itafute tovuti hiyo kwa jina, na ufute zilizo zake tu.

Muulizaji (Mtunza_Dawati)

Nimekata mtandao, na orodha haikushuka. Nimemwandikia msimamizi wa tovuti, na akaunti za Windows ninaanza kuzigawa leo.