Mrejesho: Chatu wangu amekula!

Wapendwa, ni mimi niliyeuliza kuhusu chatu wangu mchanga, yule wa Afrika Magharibi anayejikunja kama mpira akiogopa, aliyegoma kula wiki 5. Mlinishauri nisimshike siku 7, nifunike pande tatu za tangi lake la kioo, nimwekee maficho mawili ya kubana: upande wa joto nyuzijoto 32, upande wa baridi 26. Nilifuata yote.

Jana usiku niliyeyusha panya mdogo wa friza, nikampasha kwenye maji ya moto, nikamning'iniza kwa koleo mlangoni pa maficho. Ulimi ukatoka, ukarudi, ukatoka tena. Mara pap, akamdaka na kumviringa! Nilijiziba mdomo nisipige kelele.

Simgusi hadi siku mbili zipite, asije akatapika. Asanteni mno, nilishaanza kukata tamaa.