Hizi video za relgani zimenichomea mashine ya kastoma, sasa nani analipa?

Wadau, nafungua huu uzi nikiwa na hasira na mnivumilie, nikimaliza ndio mtanitukana.

Mimi ni fundi wa mota hapa Kondele, Kisumu. Narewaindi mota za posho mill na pampu, natengeneza stata za matatu, na siku hizi kazi nyingi ni hizi mashine ndogo za kuchomelea za inveta, zile mtu anabeba begani kama kiondo. Jumatano nimeenda tao kutafuta waya ya shaba nikaachia duka kijana wangu, ni mtoto wa dada yangu, amemaliza fomu foo na nimekuwa nikimfunza kazi. Narudi saa nane napata watu wamejaa kwa mlango, ndani kuna moshi na harufu ya vanishi, kijana amekaa kwa debe ameloweka mkono ndani ya karai ya maji, na mashine ya mzee mmoja wa Ahero iko wazi kwa meza kapasita zake zote, zile mikebe za kuweka stima, zimeng'olewa. Mzee mwenyewe anaingoja Ijumaa amalizie mageti ya watu.

Namuuliza nini hii. Ananiambia, "Anko, nilikuwa nataka tu kuona kama itaruka."

Itaruka nini? Akanionyesha simu. Kumbe kuna channeli ya Kiswahili, sitaitaja jina sitaki kuwaongezea watazamaji, jamaa ana sauti nzito na ngoma za vita nyuma, anaelezea relgani, yaani mzinga wa reli wa kuwekwa kwa meli za kivita. Na kabla mniulize, hapana, hakuna mahali treni inaingia hapo. Jamaa anasema ni bunduki ya stima tu, haina baruti, risasi moja inakula stima ya mia tatu bob, Marekani wameificha ndio nchi maskini zisijue, na kijana yeyote mwenye akili anaweza kuijaribu nyumbani na vitu vya kuokota. HIYO YA MWISHO ndio imeniletea moshi kwa duka.

Sasa kwa vile nimekesha siku mbili nikisoma hii kitu kwa hasira, wacha niwaambie venye iko, na mkitaka kubishana mje na hesabu.

Unachukua vyuma viwili virefu, vimelala sambamba, ndio hizo reli. Katikati unaweka kipande kinachogusa zote mbili, kwa kawaida aluminiamu. Stima inapanda na reli moja, inavuka kwa hicho kipande, inarudi na reli ya pili. Mahali stima kali inapita kuna sumaku, na hiyo sumaku iliyo katikati ya reli inasukuma kipande mbele, tena ukiongeza stima mara mbili msukumo unaongezeka mara nne. Basi. Ni ile ile nguvu inazungusha mota ya posho mill, hakuna uchawi na hakuna siri. Mfaransa mmoja, Louis Octave Fauchon-Villeplée, alipewa hataza ya hiyo kitu huko huko Marekani mwaka 1922. Miaka mia na zaidi imeandikwa kwa karatasi, halafu mtu anatuambia imefichwa.

Hiyo ya mia tatu ndio inaniudhi sana kwa sababu ni ukweli uliokatwa nusu. Desemba 2010 jeshi la majini la Marekani lilifyatua moja huko Dahlgren, Virginia, ikatoa megajuli 33 mdomoni mwa mtutu. Yuniti moja ya tokeni ni megajuli 3.6, gawanya unapata yuniti tisa na kitu. Kweli, ukinunua tokeni ni kama mia tatu hivi. Lakini jamaa hasemi hizo yuniti tisa zinatakiwa ziishe kwa muda gani! Mtutu ni kama mita kumi, risasi inatoka ikienda kilomita mbili na nusu kwa sekunde, yaani kutoka Kondele hadi stendi kuu tao haimalizi sekunde mbili. Kwa hivyo iko ndani ya mtutu kitu kama sehemu moja ya mia ya sekunde, hata chini ya hapo. Yuniti tisa ndani ya huo muda ni kuvuta stima kwa nguvu kuliko yenye Kenya nzima inavuta kwa mpigo ule jioni kila mtu amewasha taa na pasi. Hakuna soketi ya hiyo. Ndio maana wanajaza kapasita nyumba nzima halafu wanaziachilia pamoja, ampi milioni kadhaa. Mashine yangu nikichomelea geti iko ampi mia mbili. Ampi milioni MOJA tu ni mashine elfu tano za kuchomelea, zote zimegusa chuma kwa mpigo, mahali pamoja.

Sasa fundi yeyote anayenisoma ashajua shida iko wapi. Si stima, ni pale panapogusana.

Mmewahi kufungua stata ya matatu iliyozeeka? Brashi zimekwisha, shaba imechimbika mistari mistari, nyeusi. Hapo ni ampi mia mbili tatu, na inazunguka polepole tu. Sasa chukua ampi milioni, teleza nayo kilomita mbili kwa sekunde juu ya chuma. Aluminiamu inayeyuka, inageuka mvuke, cheche zinaruka katikati, reli inachimbwa, na juu ya hiyo zile reli mbili zenyewe zinasukumana kwa nguvu zikitaka kupasua mtutu. Kwa video utaona risasi inatoka na moto mkubwa sana, na komenti zote watu wanauliza mbona kuna moto na hakuna baruti. Jamaa anajibu eti "hiyo ni nguvu ya umeme". Uongo! Mwingi wa huo moto ni ile aluminiamu inaungua na chembe za reli zinatoka nazo. Unaangalia bunduki ikijila yenyewe na unapiga makofi.

Kwa hivyo ile bei ya mia tatu ni kama uniuzie safari ya Nairobi kwa bei ya petroli peke yake, usiniambie tairi zinabadilishwa Kericho, Nakuru na Naivasha.

Na hapo ndipo Marekani walikwama, hawakuficha kitu. Walianza mradi 2005, kampuni mbili zikatengeneza mitutu, BAE Systems na General Atomics. 2014 wakaweka moja juu ya meli kule San Diego watu waione, wananchi wakapiga picha, sasa hiyo ni kuficha gani? Walikuwa wanataka itupe risasi maili mia za baharini, kama kilomita 185, karibu barabara ya Kisumu mpaka Nakuru, na ipige mara kumi kwa dakika. Majaribio ya baharini yaliyopangwa 2016 hayakufanyika. 2021 pesa ikakatwa, na hapo walikuwa wamemwaga karibu dola nusu bilioni. Kuna ile meli yao ya kivita ya Zumwalt, inazalisha megawati 78, Sondu Miriu yetu yote hapa ni 60, na bado hiyo meli haikupata relgani. Stima walikuwa nayo. Mtutu wa kudumu ndio hawakupata.

Halafu kuna kichekesho hapo ndani ambacho channeli haiwezi kukuambia. Ile risasi yenyewe waliyotengenezea relgani ilitoka nzuri hata ikaingia kwa mizinga ya kawaida ya baruti. Septemba 2020 waliifyatua na mzinga wa kawaida wa jeshi la nchi kavu kule White Sands, uwanja wao wa majaribio, ikaangusha ndege isiyo na rubani iliyokuwa inaigiza kombora. Yaani mtoto alifaulu, mama akaachwa.

Wachina? 2018 picha zilisambaa za meli yao Haiyang Shan iko Wuhan na mzinga mkubwa mbele. Sawa, lakini picha ya mzinga haikuambii umepiga mara ngapi kabla ya kubadilisha reli. Wale ninaowaheshimu ni Wajapani. Walianza na kadogo, risasi ya gramu mia tatu na kitu, wakakaa na swali moja tu, hizi reli zitadumu aje. Wakafika risasi 120 na bado ni zaidi ya mita elfu mbili kwa sekunde. Oktoba 2023 wakatangaza wameifyatua kutoka kwa meli baharini, na 2025 wakaipiga dhidi ya meli ya shabaha wakitumia meli yao ya majaribio, Asuka. Hao wamefanya kazi ya fundi, na hiyo ndio stori kama mtu angetaka kuelezea vijana vizuri. Lakini haina ngoma.

Nimeandika haya kwa komenti za ile channeli, kwa upole kabisa, nikaandika ndugu kuna kijana ameungua toa hiyo sehemu ya kujaribu nyumbani. Ikafutwa ndani ya dakika kumi. Nikaandika tena, nikablokiwa. Video bado iko.

APDETI: Naona mmoja ameandika huko chini kwamba ni makosa yangu, ati ningefunga kabati. Sawa ndugu, nimekubali, duka ni langu na kapasita sikuwa nimemfunza vizuri kwamba zinauma hata mashine ikiwa imetolewa kwa soketi masaa. Hiyo nimejilaumu usiku mzima. Mama yake nimempigia nikamwambia mwenyewe, dada alinyamaza mpaka nikadhani simu imekatika. Vidole viwili vina malengelenge na macho yako sawa, na hapo nashukuru Mungu kwa sababu alikuwa ameinama.

Mzee wa Ahero naye nilimwambia, "Mzee wangu, kuna shida kidogo." Akaniuliza, "Kidogo ni ngapi?" Kapasita zimekufa na bodi imepasuka, nanunua nyingine kwa pesa yangu, na wiki hii nimempa yangu atumie, kwa hivyo mimi hapa sichomelei.

Mwingine anauliza kama angalau iliruka. HAIKURUKA. Iligandia hapo hapo ilipowekwa, aluminiamu imeshikana na vile vipande vya shaba pande zote mbili kama geti. Nimeviacha juu ya meza, sijatupa. Mwenye bado anasema ni rahisi aje Kondele na plaizi yake aitoe.